FUNDI WA NYUMBANI: Ufa katika sima unasema kitu, usiuzibe mdomo mbele ya kuusikiliza

Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono unashughulika na jambo linaloonekana karibu katika kila lupango lenye sima: nyufa na mashimo. Yako katika pavema ya nyumba na ya shule, katika siterni ya maji ya mvua, katika chemchemi ya mtaa, katika baraza la kituo cha afya.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli. Lakini wazee hawakusema kuziba namna gani, na pale ndipo tunapoteza sima nyingi. Sikilizeni mazungumzo haya, mumekwisha kuyasikia mara nyingi:

— Masoni, ile ufa ulifunga mwaka jana imerudi tena. Namna gani?

— Mama, ile sima ilikuwa mubaya.

— Na ya mwaka wa mbele?

— Nayo pia, mama.

Pengine sima ilikuwa mbaya kweli. Lakini mara nyingi sima haina kosa. Mtu alichukua mwiko, akapaka sima nyepesi juu ya ufa wenye vumbi, akalainisha vizuri, akapokea pesa yake na kwenda. Siku ile kazi ilipendeza macho. Baada ya majuma machache kile kipande kilibanduka chote kama ganda, na ufa ulikuwa ungali pale chini, haujaguswa. Basi leo tujifunze mambo mawili: kwanza kuuliza ufa umetoka wapi, kisha kuuziba kwa namna ambayo haitarudiwa.

1. HASARA YAKE NI NINI?

Wengine wanasema: ni ufa tu, nyumba haiwezi kuanguka. Sawa. Lakini tazama mambo haya.

Katika pavema ya nyumba, ufa unakusanya vumbi, na katika vumbi funza wanakaa. Mtoto anayelala chini, ama anayecheza pale bila viatu, ndiye anayeumia. Katika chumba cha kuzalisha cha kituo cha afya, shimo dogo linashika maji machafu na damu. Hata mama mwenye kufagia akisugua namna gani, shimo halitakate. Katika siterni, ufa unatoa maji usiku kucha wakati watu wamelala. Na katika chemchemi iliyojengwa, ufa juu ya kifuniko unaingiza maji ya mvua yaliyopita juu ya majani, mavi ya ng'ombe na vyoo.

Hilo la mwisho si jambo dogo kwetu. Kipindupindu kinajulikana katika Kivu ya Kaskazini. Katika mwezi wa 7 wa mwaka 1994, wakati wakimbizi wengi walipoingia Goma, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, na wengi wao waliuawa na magonjwa ya kuhara, kipindupindu kikiwa mbele. Maji machafu ndiyo yaliyobeba mauti ile. Kwa hiyo mtu anayeziba ufa wa chemchemi analinda matumbo ya watoto wa mtaa mzima.

Kisha kuna hasara ya pesa. Kwa miaka mingi sima ya kwetu imetoka mbali: Hima, upande wa Kasese katika Uganda, ama CIMERWA, kule Bugarama katika Rwanda. Inafika Goma, inapita Sake, halafu inapanda milima ya Masisi juu ya barabara ambayo kila mtu anaijua wakati wa mvua. Kwa kufika Walikale safari ni ndefu zaidi, ama kwa kupitia Bukavu na Hombo, ama kwa kutoka upande wa Kisangani na Lubutu. Na mwisho wa safari mfuko wa kilo 50 unapanda juu ya moto, ama mgongoni mwa mtu. Wale walioshusha kasiteriti kwa miguu kutoka Bisie mpaka Njingala hawahitaji kufundishwa uzito wa mfuko kama huo. Sima iliyofika kwa jasho namna hii, haifai kuimwaga mara tatu katika ufa mmoja.

2. UFA WAKO NI WA AINA GANI?

Daktari haanzi na sindano, anaanza na kuuliza. Wewe vilevile. Tunaweza kugawa nyufa kwa aina nne.

Aina ya kwanza ni ufa mwembamba kama unywele. Unatokea wakati sima ilipokauka upesi sana siku za kwanza, sababu jua lilikuwa kali ama hakuna mtu aliyeinywesha maji, ama sababu masoni alitia maji mengi katika mchanganyiko. Katika pavema kavu hauna hatari. Unaoshwa, unapakwa sima tupu iliyokorogwa na maji kwa brosi, basi.

Aina ya pili ni ufa mpana ambao umelala. Ukucha unaingia ndani yake, lakini kitu kilichouleta kimekwisha kupita. Mfano: udongo ulioshindiliwa vibaya chini ya pavema ulishuka mwaka wa kwanza, kisha ukatulia. Huu ndio ufa wa kuziba kwa namna tutakayoeleza.

Aina ya tatu ni ufa unaotembea. Utaujua kwa dalili: upande mmoja uko juu kuliko mwingine, mlango unaanza kukwama, ufa unapanuka wakati wa mvua. Sababu ziko nyingi. Maji ya mabati yanaanguka karibu na msingi na kuchimba udongo. Mzizi wa mti unasukuma. Nyumba imejengwa juu ya mteremko na udongo unashuka polepole, jambo tunaloliona sana Masisi. Ufa huu usizibwe mpaka sababu yake iondolewe. Chimba mfereji, peleka maji ya mabati mbali na ukuta, kata mzizi, halafu ungoje uone.

Aina ya nne ni ufa wa kutu. Unafuata mstari wa chuma kilicho ndani ya betoni, na pengine utaona maji ya rangi nyekundu yakitoka. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi inasukuma betoni kutoka ndani mpaka inapasuka. Kupaka sima juu yake ni kufunga kidonda chenye usaha. Inafaa kuvunja betoni yote iliyolegea mpaka chuma kionekane pande zote, kusugua kutu kwa brosi ya chuma mpaka king'ae, kukipaka sima tupu, ndipo kujaza. Kama chuma kimeliwa sana, kimebaki chembamba, muite fundi mwenye ujuzi, zaidi kama ni nguzo ama boriti inayobeba kitu.

Namna gani kujua kama ufa umelala ama unatembea? Weka shahidi. Chukua sima kidogo, uipake kama plasta ndogo yenye upana wa vidole vitatu, kukatiza ufa kutoka upande huu mpaka upande ule. Andika tarehe juu yake na msumari. Weka mashahidi wawili ama watatu. Tena chora alama ya penseli mahali ufa unapoishia. Ngojea mwezi mmoja, na vizuri zaidi ngojea mpaka mvua kubwa ipite. Kama shahidi amepasuka, ama ufa umepita alama, ufa ungali unatembea. Kama shahidi ni mzima, unaweza kuanza kazi.

Mnakumbuka Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 mwezi wa 5, 2021. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi, nyufa zikaonekana katika barabara na nyumba za Goma. Tarehe 27 serikali ikaagiza watu wa sehemu kubwa ya mji waondoke, na maelfu wakafika Sake. Mtu ambaye angeziba nyufa za nyumba yake katika juma lile angetupa sima yake bure, sababu ardhi ilikuwa haijatulia. Kungoja si uvivu. Na jamaa zilizorudi katika nyumba zilizofungwa miezi mingi sababu ya vita, wazunguke kwanza nje ya nyumba kutazama maji yanapita wapi, mbele ya kununua sima.

3. SIMA, MCHANGA NA MAJI

Sima: Fungua mfuko na kutazama. Sima nzuri inateleza kati ya vidole kama unga. Kama kuna mabonge yanayovunjika kwa vidole tu, chekecha, unaweza kuitumia kwa kazi ndogo. Kama mabonge ni magumu kama mawe, hiyo imekwisha kufa, hata muuzaji akikupunguzia bei. Katika Walikale, ambako mvua na unyevu wa pori haviachi, usiweke mfuko chini wala usiuegemeze ukutani. Uweke juu ya mbao, uufunike na bashi.

Mchanga: Mchanga wa mto ulio safi ni mzuri. Mchanga unaobaki mahali pa kuoshea madini unaonekana mwingi na wa bure, lakini mara nyingi una udongo ndani. Upime hivi: tia mchanga katika chupa mpaka nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo mwembamba utakaa juu yake. Kama mchanga una urefu wa vidole kumi na udongo umezidi kidole kimoja, osha ule mchanga mara mbili ama tatu mbele ya kuutumia. Udongo unazuia sima kushika mchanga.

Maji: Yawe safi, na yawe kidogo. Hapa ndipo wengi wanakosa. Mchanganyiko mwepesi unapakwa kwa urahisi, lakini maji yanayozidi yanatoka baadaye na kuacha vitundu, na kipande kinanywea na kuachana na kingo. Ndiyo maana ufa mpya unaonekana pembeni ya ule wa zamani. Kwa mfuko mzima wa kilo 50, maji karibu litre 25 yanatosha.

Kipimo cha kuziba ni kopo 1 la sima kwa makopo 3 ya mchanga, na maji yasiyozidi robo tatu ya kopo lilelile. Changanya kwanza vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji polepole. Chukua mchanganyiko katika kiganja chenye kufunikwa na plastiki, uufinye: ukishikamana kama tonge la bugali na maji hayadondoki, uko sawa. Usichanganye kwa kazi ya zaidi ya saa moja. Ukianza kuwa mgumu, usiuamshe kwa maji mengine.

4. KAZI YENYEWE

Vyombo ni vichache: nyundo, tindo, brosi ya chuma, brosi ya kupakia, mwiko, kipande cha ubao, ndoo na kopo la kupimia, magunia ya zamani.

Kwanza, panua ufa. Ndiyo, jambo la kwanza ni kuufanya mkubwa zaidi! Mama mwenye nyumba atashangaa, umueleze. Kwa nyundo na tindo, chonga mpaka upate upana wa santimetre 2 na urefu wa kwenda chini wa santimetre 3. Chini pawe papana kidogo kuliko juu, kama chungu chenye mdomo mwembamba na tumbo kubwa. Hivi kipande kipya hakiwezi kutoka, hata kikilegea.

Pili, safisha. Toa vipande vyote, sugua kwa brosi ya chuma, osha kwa maji. Mahali pa mafuta ama pa mazuti, tumia sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe. Sima haishiki vumbi wala mafuta.

Tatu, nywesha. Jioni ya mbele ya kazi, mwagilia ufa maji mengi, urudie asubuhi. Betoni ya zamani iliyo kavu ina kiu. Usipoinywesha, itanyonya maji ya mchanganyiko mpya na kuuacha unga mtupu. Lakini wakati wa kujaza, maji yasisimame ndani ya ufa. Yafute kwa kitambaa. Betoni iwe na unyevu, isiwe na dimbwi.

Nne, paka sima tupu. Koroga sima na maji mpaka iwe nzito kama mashanza. Ipake ndani ya ufa kwa brosi, pande zote, halafu ujaze mara moja ingali mbichi. Ukiiacha ikauke, inakuwa ukuta kati ya zamani na mpya, na kazi imeharibika.

Tano, jaza kwa nguvu. Usimwage tu na kusawazisha. Sukuma mchanganyiko ndani kwa ncha ya mwiko, shindilia kwa kipande cha ubao, ongeza, shindilia tena mpaka ujae.

Sita, lainisha, lakini usiharakishe. Ngoja mpaka ule mng'ao wa maji juu uishe, ndipo upitishe ubao, halafu mwiko. Wengine wanapenda kunyunyiza sima kavu juu ili iwe nyeusi na yenye kung'aa. Inapendeza siku ile, lakini baadaye juu yake panatoa unga na vinyufa kama utando wa buibui.

Saba, linda. Hapa tunaomba msikilize sana. Wengi wanasema sima inakauka. Kwa kweli sima haikauki, inashika. Inakula maji, na katika kula maji ndipo inakuwa jiwe. Maji yakiisha siku ya pili, inasimama pale ilipofika. Kwa hiyo, saa chache baada ya kumaliza, funika kwa magunia yenye maji ama majani ya mgomba, uyanyweshe asubuhi, mchana na jioni siku 7. Katika siku hizo 7 sima inapata sehemu kubwa ya nguvu zake, na nguvu kamili tunazihesabu siku ya 28. Watu wasikanyage mbele ya siku 3. Siku ya kwanza mvua ikinyesha, funika na bashi isichimbuliwe.

Basi nani atachota maji ya siku 7? Mara nyingi mzigo huo unaangukia wasichana na mama zao, wakati masoni amekwisha kulipwa na kwenda. Ni haki kupanga mbele: maji ya kulinda ni sehemu ya kazi, na vijana wanaume nao wana vichwa na mabega ya kubeba bidoni.

5. SHIMO LA PAVEMA

Shimo linafuata njia ileile, pamoja na mambo mawili ya kuongeza. Jambo la kwanza: kingo. Shimo likiwa na kingo zinazopanda polepole kama sahani, sima mpya itakuwa nyembamba sana pembeni, na pale itavunjika. Kata kingo zisimame wima, shimo liwe na pembe nne, na kwenda chini angalau santimetre 3. Jambo la pili: kama shimo linazidi santimetre 5 kwenda chini, ongeza kokoto ndogo zilizooshwa. Kipimo ni sima 1, mchanga 2, kokoto 3. Kama umefika kwenye udongo, ushindilie vizuri na kutia mawe madogo mbele ya kujaza.

Sasa hesabu ndogo. Ufa wa metre 2, ukiupanua vile tulivyosema, unakula litre moja na kidogo tu ya mchanganyiko, ndani yake sima haifiki kilo 1. Shimo la santimetre 30 kwa 40, lenye santimetre 5 kwenda chini, linataka litre 6, ni kama kilo 3 za sima. Mnaona? Sima ya kuziba vizuri ni kidogo sana. Kinachotakiwa ni kazi na subira.

6. SITERNI NA CHEMCHEMI

Siterni ikipoteza maji na ufa hauonekani, funga robine, piga alama mahali maji yamefika, uangalie kila asubuhi. Maji yatashuka, kisha yatasimama. Pale yaliposimama, ufa uko karibu na mstari ule.

Ziba kutoka ndani, upande wa maji. Ukiziba nje, maji yanasukuma kipande chako kitoke. Ukiziba ndani, maji yenyewe yanakikandamiza ukutani. Toa maji yote, fungua kifuniko muda mrefu hewa iingie, na usiingie peke yako bila mtu wa kukuangalia juu. Ukimaliza kujaza, paka sima tupu mara mbili. Usitumie lami wala rangi ya mlango, sababu watu watakunywa maji yale. Baada ya siku 7 jaza polepole, na maji ya kwanza yamwagwe.

Katika chemchemi shida ni kwamba maji hayangoji. Yanatoka katika ufa wakati unajaribu kuziba. Basi yape njia: ingiza kipande cha mpira mwembamba katika ufa, maji yote yapite mle. Ziba kandokando ya mpira kwa mchanganyiko mgumu, ulinde mpaka ushike vizuri. Siku chache baadaye toa mpira na kuziba kile kitundu kimoja kwa sima tupu ngumu, ukiishikilia mahali pake mpaka isimame. Tazama pia juu ya chemchemi: mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni upo? Choo kiko mbali, angalau metre 30, na si upande wa juu? Kama maji ya chemchemi yanageuka rangi kila mvua inaponyesha, hata kama hamuoni ufa, maji ya mvua yanaingia mahali.

7. PALE AMBAPO HATUZIBI

Dali ya choo yenye ufa uliopita kutoka kingo moja mpaka nyingine, usiizibe. Sima ya kupaka haiwezi kubeba mtu. Itaficha ufa tu, na mtoto atakanyaga akiwa na imani. Funga choo kile, weka miti juu watu wasiingie, mtengeneze dali mpya. Vilevile ukuta unaoshikilia udongo wa mteremko, ukianza kutoka tumbo na kupasuka: udongo wa nyuma umejaa maji. Ondoa watu chini yake kwanza, ndipo fundi mwenye ujuzi aitwe.

Na ninyi mnaofanya kazi, jihadharini. Sima mbichi inakula ngozi: vaa viatu vya mpira, funika mikono hata kwa plastiki, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi muda mrefu, kisha uende kituo cha afya. Ukichonga kwa tindo, linda macho.

8. MFUKO MMOJA, JAMAA NYINGI

Mtu anaweza kusema: nina ufa mmoja tu, na mfuko mzima siuwezi. Ni kweli, tena mfuko uliofunguliwa haungoji. Katika unyevu wa kwetu, sima iliyobaki inakuwa mabonge upesi. Basi kwa nini jamaa kumi zisiungane? Mwezi mmoja wote waweke mashahidi na kuandika tarehe. Mwezi unaofuata wachange pesa, wapanue na kusafisha nyufa zao zote, halafu mfuko ufunguliwe na kumalizika katika juma moja. Zamani salongo ilikuwa amri. Hii iwe mapatano ya majirani.

Vijana, hapa kuna kazi. Wengi wenu mmejifunza nyundo na tindo ndani ya machimbo, na mikono inayoweza kufuata mshipa wa kasiteriti katika jiwe inaweza kufuata ufa katika pavema. Pesa yake si ya kutajirisha mtu siku moja. Lakini masoni ambaye ufa wake haurudi anaitwa tena, na jina lake linatembea mtaa kwa mtaa bila yeye kulitangaza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Tembeeni pamoja mpaka chemchemi mnayokunywa. Mnaona nyufa? Maji ya mvua yanapita wapi?

2. Katika shule, kanisa ama kituo cha afya cha mtaa wenu, ni ufa gani uliozibwa zaidi ya mara moja? Nani aliuliza sababu yake?

3. Kikiamuliwa kuziba, nani atachota maji ya siku 7? Andikeni majina, siku kwa siku.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya maji ya mabati: namna ya kuyakusanya na kuyapeleka mbali na msingi wa nyumba. Kaeni salama.